Ghati Alipoanza Kunenepa

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, katika hospitali moja wilayani Tarime, matroni, mkuu wa wauguzi aliyenipokea, hakunipa sindano wala dawa. Alinipeleka kwenye mizani akaniambia nipime wagonjwa wote wa kliniki asubuhi ile. Nilivunjika moyo, kwa sababu nilidhani kupima uzito ni kazi ya mtu yeyote. Matroni aliliona hilo usoni mwangu.

"Binti," akasema, "uzito ukibadilika, kuna jambo limetokea mwilini. Wewe uliza ni jambo gani."

Nilifanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kupelekwa Mwanza kujifunza kuwahudumia wanawake wenye saratani ya matiti wanaopata tibakemikali, yaani zile dawa kali zinazopitishwa kwenye mshipa ili kuua seli za saratani popote zilipojificha. Nilikwenda nikitarajia kuona watu wakikonda. Kweli wapo waliokonda, wenye vidonda mdomoni na kichefuchefu kisichowaacha. Lakini wengi walinenepa. Daktari bingwa aliyetufundisha, mtu wa maneno machache, alitueleza kwamba dawa wanazopewa ili wasitapike huongeza hamu ya kula, hedhi husimama kabla ya wakati, na mtu aliyekuwa akilima kutwa sasa anashinda amekaa. Kila awamu mgonjwa hupimwa upya, kwa sababu kiasi cha dawa hutegemea uzito na urefu wake.

"Unene wa kawaida huja polepole," alituambia. "Ukija ghafla, ogopeni."

Niliporudi mkoani Mara nilipangiwa Mugumu, wilaya ya Serengeti. Wanawake walipata dawa Mwanza, na kati ya awamu moja na nyingine sisi tuliwapima uzito, joto na damu, kisha tukapiga simu kutoa taarifa. Huko ndiko nilikokutana na Ghati.

Alitoka Nyansurura, mama wa watoto wanne, na mumewe Marwa alikuwa mfugaji. Awamu za mwanzo zilimkondesha mpaka majirani wakaanza kunong'ona. Mama mkwe wake alisema waziwazi kwamba dawa za hospitali zinamla mtoto wa watu, heri apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Marwa alikataa, lakini niliona naye ameanza kuyumba.

Kisha Ghati akaanza kunenepa. Uso ukajaa, mikono ikajaa, na pale nyumbani wakafurahi. Siku waliyokuja kliniki Marwa alikuwa anacheka kabla hata ya kusalimia.

"Shikamoo mama. Umemwona? Mke wangu amerudi. Mimi naona hizi dawa sasa zinatosha."

"Marahaba," nikasema, nikampandisha Ghati kwenye mizani. Nilisoma, nikamshusha, nikampandisha tena. Tangu mara ya mwisho alikuwa ameongezeka kupita kiasi.

Nikamwomba Marwa atusubiri nje.

"Unakula sana siku hizi?" nikamuuliza Ghati.

"Hapana mama. Hata tonge tatu sifikishi."

Nikainama, nikabonyeza mguu wake juu ya kifundo kwa kidole gumba. Nilipokiondoa, shimo lilibaki pale pale.

"Na usiku unalalaje?"

"Nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Nikijinyoosha ni kama mtu amenikalia kifuani."

"Marwa anajua?"

"Nanyamaza usiku asisikie. Amefurahi sana, mama. Nilimwonea huruma."

Nilimwita mganga mfawidhi, daktari aliyesimamia hospitali. Alisikiliza kifua cha Ghati kwa muda mrefu, akanivuta pembeni. Alisema yale ni maji, moyo umechoka kuyasukuma. Miongoni mwa dawa alizokuwa akipata mna moja nyekundu ambayo inaua saratani vizuri, lakini kwa baadhi ya watu hudhoofisha moyo. "Aende Mwanza leo hii," akasema. "Na asilazwe chali njiani."

Nilipomweleza Marwa, alikasirika.

"Akikonda mnasema anaumwa. Akinenepa mnasema anaumwa. Mnataka awe vipi?"

"Mura, njoo," nikamwambia, kama Wakurya wamwitavyo kijana wa kiume. Niliushika mkono wake, nikaweka kidole chake kwenye mguu wa mkewe. Alibonyeza, akaachia, akalitazama lile shimo.

"Ng'ombe akivimba hivi," akaanza kusema, halafu hakumalizia. Alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa gari la wagonjwa.

Njia nzima nilimshikilia Ghati akiwa ameketi, barakoa ya oksijeni usoni. Kila alipofumba macho nilimwita jina. Tulipopita Bunda alianza kutaja majina ya watoto wake, mmoja mmoja, nami niliogopa kumuuliza kwa nini.

Mwanza walimpiga picha ya moyo, wakasimamisha dawa nyekundu, wakampa dawa za kutoa maji mwilini. Kilo zikaanza kushuka haraka. Marwa aliyekuja siku chache baadaye alimkuta mkewe mifupa ya mabega imejitokeza na gauni linaning'inia. Alikaa chini sakafuni.

"Mmenirudishia mgonjwa," akasema.

Daktari bingwa alichuchumaa karibu naye. "Aliyeondoka ni maji. Mkeo ndiye huyu."

Hofu haikuishia hapo. Saratani haikusubiri moyo upone, na moyo haukuweza kuharakishwa. Ghati alibadilishiwa dawa, na kila awamu tulipiga simu tukiwa na wasiwasi. Alimaliza matibabu. Wengine niliowahudumia, waliopendwa na kuombewa kama yeye, hawakumaliza, na siwezi kusema kwamba nilizoea.

Sasa nimestaafu, naishi Nkende mjini Tarime. Wauguzi wapya wakija kunisalimia huniuliza ni nini kilichonitisha zaidi katika kazi. Huwaambia ni kusikia ndugu wakimsifu mgonjwa kwamba amenawiri, kabla sijamwona mwenyewe.

Juzi Ghati alikuja kunitembelea. Halimi tena shamba kubwa, na akipanda kilima husimama kupumua. Tulikaa jikoni tukichambua mboga.

"Mama, mpaka leo gauni likinibana naogopa," aliniambia. "Likilegea, naogopa pia. Hii hofu itaisha lini?"

Nilitaka kumpa jibu la kiuguzi.

"Yangu haijaisha," nikamwambia.

Akanitazama, akatabasamu kidogo, akasogeza kigoda chake karibu na changu, tukaendelea kuchambua.