Mwimbaji Tuliyemfukuza Tororo

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha barazani kwetu Busia, Jumapili mchana baada ya kanisa, enzi za Wazungu. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo, na kichupa alichotumia kulainishia cherehani siku za kazi ndicho alichotumia Jumapili kulainishia gramafoni. Sisi tulikuwa wa upande wa Uganda, lakini santuri zake zilitoka upande wa Kenya, zikivuka mpaka juu ya baiskeli, zimeviringishwa katika vipande vya amerikani zisivunjike. Kuzungusha mpini ilikuwa kazi yangu, na kubadilisha sindano pia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, katika nyumba yenye ndugu wanne wa kiume waliopewa kila kitu kabla yangu, shule, viatu, hata paja la kuku. Lakini kile kigoda cha kando ya gramafoni kilikuwa changu peke yangu. Baba alipotaka wimbo alisema tu, "Nabwire," nami nilijua anataka upi.

Wapenzi wa muziki wa baraza ile hawakupatana hata siku moja. Mama alisema muziki usiomtaja Yesu ni kelele, ingawa mara nyingi nilimwona akitikisa kichwa huku akichambua kunde. Jirani yetu muuza samaki wakavu alitaka dansi isiyo na maneno, kwani maneno, alidai, yanamsumbua miguu. Baba alimpenda mtu mmoja tu, mpiga gitaa wa Nairobi ambaye barabara yetu ilimbandika jina la Mwana Santuri, nami nitamwita hivyohivyo. Baba alikuwa na santuri zake nne. Alisema mtu huyo angekuwa jirani yake asingemdai pesa ya kushona kamwe, na kwa Baba hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Kisha akaja Athieno. Alikuwa binti wa shangazi yangu aliyeolewa Nabuyoga kwa Wadama. Baba yake alikuwa amefariki, na Shangazi akamleta kwetu asome karibu na misheni. Alinizidi mwaka mmoja na urefu wa kiganja. Hakujua Kisamia, lugha yetu, na lugha ya kwao sisi tuliijua kwa kubabaisha, hivyo nyumba nzima ikaanza kusema Kiswahili cha mpakani kwa ajili yake, na hilo peke yake lilinikera. Marehemu baba yake alikuwa hodari wa tongoli, kile chombo cha nyuzi cha watu wake, na Athieno alikuwa amekulia kwenye nyimbo ndefu za taratibu ambazo haziishi mpaka mpigaji achoke au pombe iishe. Gramafoni haikumvutia hata kidogo. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, baada ya dakika tatu hivi kama ilivyo kwa santuri zote, alinitazama kwa mshangao. "Anaimba kidogo tu, anaacha," akasema. "Nani nafukuza yeye?"

Nilimcheka. Lakini Jumapili ya tatu alikuwa amekwishazijua zile nyimbo zote, naye, akiwa amepiga magoti akipepeta wimbi, akaanza kuimba chini ya santuri kwa sauti yake nzito. Baba akainua kidole tunyamaze. Santuri ilipokwisha sikusikia jina langu. Nilisikia, "Athieno, mama, endelea." Naye akaendelea bila gramafoni, akaurefusha wimbo kama watu wa kwao wanavyofanya, akitia ndani majina ya waliokuwapo barazani, la Baba likiwa la kwanza. Huku kwetu wimbo ukikutaja, au ukikugusa moyo, unasimama, unainua mkono, mwimbaji ananyamaza, nawe unajisifu mbele ya watu mpaka utosheke, ndipo unamruhusu aendelee. Baba yangu alisimama. Mtu mpole yule, aliyekuwa akisemeshwa vibaya na makarani wa boma na kuitikia kwa kichwa tu, aliinua mkono na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Mimi ndimi mkasi wa Busia! Suruali ya bwana mkubwa inanijua, na ya mkulima inanijua! Endelea!" Watu wakapiga vigelegele. Gramafoni haikuwahi kumfanyia hivyo, na mimi nilikuwa nimeizungusha miaka miwili.

Niliona wivu. Nimejaribu kulipa jambo hili jina jingine kwa miaka mingi na sikufanikiwa. Ulikuwa wivu wa kuumwa tumbo. Nilimwonea wivu kwa sauti yake, kwa urefu wake, kwa neno "mama" ambalo Baba alimwita, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata kwa kufiwa, maana kila mtu alimhurumia. Kando ya sahani ya gramafoni palikuwa na kijiti kidogo cha chuma. Ukikisukuma upande mmoja santuri inaenda mbio, upande wa pili inaenda taratibu, na sauti inapanda na kushuka vivyo hivyo. Hakuna aliyekigusa ila mimi. Jumapili iliyofuata nilikisukuma kwa kiasi cha upana wa ukucha, ili Mwana Santuri amkimbie Athieno. Athieno akamfuata. Jumapili iliyofuata nikakisukuma tena. Nilifanya hivyo msimu mzima, tangu palizi hadi mavuno ya wimbi, kidogo kidogo, na kwa kuwa ilikuwa kidogo kidogo hakuna aliyetambua.

Athieno alipanda na sauti ile mpaka siku moja ikamkatika katikati ya neno. Watu wakacheka, na mimi nilicheka zaidi ya wote. "Mjomba," akasema, "hii wimbo nakimbia. Zamani haikuwa hivi." Baba akamjibu kwa upole, "Wimbo ni ileile, mama. Ni wewe nachoka." Athieno aliitazama gramafoni, akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye ungo wake. Tangu siku hiyo hakuimba tena barazani, na mimi nikarudishiwa nafasi yangu. Kile kijiti nilikiacha palepale nilipokifikisha. Barabara nzima ikawa inamjua Mwana Santuri kama kijana mwenye sauti nyembamba na vidole vyepesi ajabu, na Baba akampenda kuliko zamani.

Ndipo serikali ilipotangaza tamasha la muziki Tororo, kwenye uwanja wa chini ya mwamba mkubwa wa mji huo. Kungekuwa na kwaya za shule, ngoma za kila kabila, bendi ya polisi, na, muuza samaki alituletea habari akitweta, Mwana Santuri mwenyewe kutoka Nairobi. Baba alijishonea koti jipya. Kwa wiki tatu kila mteja aliyekuja kupimwa alitoka akiwa na habari zaidi kuliko vipimo, na siku ilipofika lori zima la pamba lilijaa watu wa Busia waliokuja kwa neno la Baba. Njiani aliwaambia, "Leo mtaona. Wimbo ya kwanza, mimi nasimamisha yeye." Nilikaa kando yake, bega kwa bega, na Athieno alikaa nyuma kabisa, juu ya magunia, kwa kuwa mimi nilikuwa nimehakikisha anakaa huko. Sikukumbuka kile kijiti hata mara moja. Niliona fahari tu.

Tulisimama juani asubuhi nzima. Kwaya ziliimba, Mzungu mmoja aliyekaa kwenye meza akaandika alama, Baba akawa anapiga miayo. Hatimaye akapanda jukwaani mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani. Aliinama kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, akapiga gitaa, akaanza kuimba. Sauti ilikuwa nzito. Wimbo tuliujua, maneno tuliyajua, lakini ulikuja kwa kujikokota, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na ile sauti nyembamba tuliyoipenda haikuwamo kabisa. Nilimwona Baba akikunja uso. Hata hivyo alitimiza ahadi yake. Alisogea mbele na koti lake jipya, akainua mkono, akaita, "Simamisha! Mimi ndimi mkasi wa Busia!" Mtu yule hakuwa wa huku. Alidhani anasalimiwa, akatikisa kichwa kwa adabu na kuendelea kuimba. Baba akabaki na mkono juu. Akaita mara ya pili, na wimbo ukaisha, ghafla, kwa dakika zilezile tatu alizozoea kurekodi, na waliokuwa ndio kwanza wanaanza kucheza wakabaki wanatazamana.

Lori zima la Busia lilikuwa linamtazama Baba. Aliushusha mkono taratibu, nami nikaona masikio yake yakitetemeka. "Huyu si yeye," akasema, kisha kwa nguvu zaidi, "Huyu si yeye! Wametuletea mwongo!" Watu wetu wakaitikia mara moja, kwani nao walikuwa na masikio waliyopewa na gramafoni yetu. "Si yeye! Ashuke!" Watu wa reli na wa Tororo mjini, waliokuwa na gramafoni zao, wakatujibu kwa hasira kwamba ni yeye, sisi washamba tunajua nini. Tukaanza kusukumana. Mtu yule alivua miwani akaifuta, akakisogelea kipaza sauti. "Ndugu zangu," akasema, "mimi ndiye. Kama si mimi, basi mnamtaka nani?" Ganda la muwa lilimpata kifuani. Alitazama lilikotoka, akachukua gitaa lake, akashuka jukwaani upande wa nyuma, na bendi ya polisi ikaambiwa ipige upesi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Baba alikuwa mbele yangu hatua mbili, ningeweza kumvuta koti na kumwambia kwamba sauti ile ni yake kweli, kwamba ni mimi niliyemgeuza kuwa kijana mwembamba ili Athieno ashindwe. Bado wangeweza kumrudisha yule mtu. Niliufungua mdomo. Kisha nikamwona Athieno amesogea, amesimama karibu yangu, ananitazama usoni, nikaufunga. Nilihofia kwamba nikisema, atachukua nafasi yangu pale pale, mbele ya lori zima.

Akaichukua hata hivyo. Tuliporudi Busia, Baba aliifunika gramafoni kwa gunia na kuisukuma chini ya meza ya kukatia nguo. Alisema mashine inayoweza kukupendesha mtu asiyekuwepo si mashine ya kuweka ndani. Jumapili iliyofuata alikaa barazani, akaita, "Athieno, mama, imba ile ya baba yako." Aliimba alasiri nzima, wimbo mmoja. Sikuwa na mpini wa kuzungusha wala sindano ya kubadilisha. Nilipewa kunde nichambue.

Miaka mingi baadaye, redio zilipoingia kila nyumba, Mwana Santuri alisikika asubuhi moja kabla ya taarifa ya habari. Sauti nzito, mwendo wa taratibu. Baba, mzee tayari, aliacha kunywa chai. "Kumbe alikuwa yeye," akasema. "Nilimtukana mtu mbele ya watu." Nilimwambia gramafoni yetu ilikuwa kuukuu. Alikubali kwa kichwa, na alikwenda kaburini akidhani kosa lilikuwa la masikio yake.

Mwaka jana wajukuu walitupeleka kwenye tamasha upande wa pili wa mpaka, mimi na Athieno, ambaye ni bibi wa Rubongi sasa, mjane kama mimi. Tuliporudi garini walikuwa wanalumbana. Mmoja alisema yule msanii ameimba vibaya, hafanani na wa kwenye simu, mwingine akasema amependa vilevile. Wakauweka wimbo ule pale pale, wakausikiliza mara mbili, wakalinganisha, kisha kila mmoja akabaki na rai yake, akaziba masikio kwa vile vidude vyao na kusikiliza anachokitaka. Hakuna aliyehitaji kumfukuza mtu jukwaani. Wala hakuna aliyegombea kukaa na baba yao aliyekuwa anaendesha, ambaye njia nzima hakuna aliyemsemesha. Sikujua niwapongeze au niwasikitikie.

Nikiwatazama, nikaona nimezeeka mno kuendelea kuficha. Nilimwambia Athieno yote, kwa sauti ya chini, hadi ile siku ya uwanjani. Hakushtuka. "Mimi nilikuona," akasema. "Ile Jumapili sauti yangu nakatika, niliona mkono yako."

"Ukanyamaza? Hata Tororo?"

"Ningesema, Mjomba angekutoa kando yake. Mimi baba nilikuwa sina tena, Nabwire. Nilijua hiyo inauma namna gani."

Aliupapasa mkono wangu, akageukia dirishani, kana kwamba tumezungumzia bei ya nyanya. Nilipaswa kumshukuru, au kulia. Lakini nina wajukuu kumi na wanne na kichwa cheupe, na kitu pekee nilichohisi, kwa nguvu ileile ya kuumwa tumbo, ni kutamani kwamba maneno yale ningekuwa nimeyasema mimi.