Mbege Iliyokaa Bafuni Pasua

Hivi wewe, umewahi kugombana na joto? Sisemi joto la homa, hilo lina dawa. Nasema joto la hewa, lile linaloingia ndani ya pipa lako la mbege, pombe yetu ya ndizi, bila kupiga hodi na kukuharibia heshima. Mimi nimegombana nalo Januari hii iliyopita, Pasua, mjini Moshi, wiki nzima. Joto lingekuwa mtu tungefikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ilikuwa hivi. Kwangu mimi ni Masama, mlimani, kwenye kihamba changu, migomba na kahawa. Magoti yakanigomea, mwanangu akaja kunichukua nikae kwake Pasua niwe karibu na kliniki. Nikaenda. Nyumba nzuri, ila bati! Saa nne asubuhi bati linalia kama linakaangwa. Nimekaa kule wiki mbili, mjukuu wangu akaja na maneno. Huyu ni mtoto wa huyo mwanangu, fundi friji, mtu mzima na ndevu zake. Akasema, "Bibi, nimepata mchumba." Nikauliza wa wapi. Wa Masama! Nyumba ya tatu juu ya kwangu! Nilipiga vigelegele mpaka mke wa mwanangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, alidhani nimeanguka.

Furaha ikaisha nilipomkumbuka babu wa huyo binti.

Yule mzee namjua tangu tunachunga mbuzi. Na kwetu huendi kuomba mke mikono mitupu. Unapeleka mbege, na mbege yenyewe ipikwe na mama wa upande wa kijana, kwa mkono wake. Mkifika, aliyeipika anaonja kwanza mbele ya watu wote. Halafu mzee wa kwa binti anachota na kata, kile kibuyu chetu cha kunywea. Ikimkalia vizuri mdomoni, maneno yanaanza. Ikiwa imechacha, anaweka kata chini, anasema asanteni sana, na nyie mnabeba pipa lenu mnarudi nalo, mnapita nalo barabarani, watu wote wanawaona. Yule mzee ameshawahi kurudisha mapipa mawili. Mawili! Kijana mmoja hakurudi tena kujaribu, alikwenda kuoa mbali huko.

Siku ikapangwa, Jumamosi. Mwanangu akataka tukodi mtu wa kupika. Nikamwambia, mimi ni mgonjwa wa magoti, siyo wa mikono.

Jumapili baada ya misa nikaanza. Nikamenya ndizi mbivu, nikazichemsha kwenye sufuria kubwa mpaka zikawa nyekundu kama udongo, nikazimimina kwenye pipa zikae siku zake. Siku zake ni ngapi? Nne, tano. Nahesabu hivyo tangu nimeolewa. Halafu nikafanya nini? Nikachukua majani makavu ya mgomba, nikalizungushia pipa, na juu nikaweka blanketi. Ndiyo, blanketi. Usicheke. Kule mlimani adui wa mbege ni baridi. Usipoifunika inalala, hata povu hutaliona. Mkono wangu umefunika mapipa miaka yote hiyo, haukuuliza leo tuko wapi.

Mke wa mwanangu akapita akasimama. "Mama, hilo pipa lina homa?"

"Liache lipate joto."

"Joto? Mama, mimi mwenyewe nalala sakafuni kwa joto!"

Nikajisemea, huyu ni mtoto wa mjini, atajua nini.

Jumanne asubuhi naamka, kifuniko kiko chini, blanketi limelowa, povu limetembea mpaka kwenye ndala za mwanangu. Nzi wa Pasua nzima wamepeana taarifa. Nikachovya kidole, nikalamba. Siki. Siki kabisa, ya kuwekea kachumbari. Na ilikuwa ndizi tu, hata ulezi sijaweka! Nilikaa kwenye kigoda nikaliangalia lile blanketi, nikatamani angekuwa mtu mwingine aliyeliweka, nimgombeze vizuri.

Mke wa mwanangu akachukua ufagio. Alifagia lile povu taratibu, anafagia huku ananiangalia. Afadhali angesema.

Mjukuu wangu akaja anakuna ndevu. "Bibi, si tupite tu Bomang'ombe tununue? Wanauza ndoo nzima, tamu, hakuna atakayejua."

"Yule mzee atajua kabla hajachota. Ataniuliza, mama, ulichemsha ndizi lini? Nimjibu nini? Nilichemsha dukani?"

"Sasa tufanyeje?"

"Nenda sokoni. Lete ndizi zilizoiva mpaka zinajichubua zenyewe. Na ulete gunia la katani, siyo haya ya plastiki."

Mchana ule ule nikachemsha tena. Sasa tatizo, niliweke wapi pipa? Sebuleni tanuri. Jikoni usiseme. Barazani yamejaa mafriji ya wateja wa mjukuu wangu, mabovu na yaliyopona. Nikazunguka ile nyumba yote nikipapasa kuta na sakafu kwa kiganja, kama daktari. Mahali pamoja tu palikuwa na ubaridi: bafuni. Saruji tupu, dirisha dogo, jua haliingii. Nikasema, hapa.

Tukaweka beseni kubwa la maji, pipa likakaa ndani ya beseni, gunia lililolowa likalizunguka kama kanga. Gunia likianza kukauka namwagia kopo la maji. Nikaomba na feni, wakanipa, umeme ukakatika. Umeme ukarudi, ukakatika. Nikaliacha feni lenyewe nikapepea kwa ungo. Nilikaa mlangoni pa bafu siku tatu, mimi na kopo langu, na mtu akipita namwambia funga mlango unaleta joto.

Mwanangu akarudi kutoka kazini, vumbi mpaka kwenye kope, taulo begani. "Shikamoo mama. Naomba kuoga."

"Marahaba. Oga nje."

"Nje wapi, mama? Barabarani?"

"Basi ingia, nimekuogesha tangu huna meno. Ila sabuni usinirushie kwenye pipa."

"Mama, nina miaka hamsini na mbili."

"Na pipa lina siku moja. Nani mdogo hapa?"

Aliondoka akaenda kuoga kwa jirani. Akarudi ananukia sabuni ya watu. Mkewe naye akaniuliza, kwa adabu kabisa, hiyo harusi ikishindikana tutarudishiwa bafu au ndiyo basi? Nikacheka mpaka magoti yakauma.

Na ilikubali! Ijumaa asubuhi nikaonja, nikaona imefika mahali pake, tamu yenye ukali wa mbali. Nikaongeza maji, nikachuja, nikatia gome la msesewe lile la uchungu kidogo, nikapika uji wa ulezi ulioota, ukapoa, nikaumimina ndani. Hapo mbege inakuwa mbege. Kesho yake ndiyo siku yake ya kunywewa, keshokutwa unaanza kuisikitikia. Nikaweka sikio. Mbege iliyo hai inaongea, unaisikia ndani inatafuna tafuna kama mbuzi. Ilikuwa inatafuna. Nikasema nikajinyooshe mgongo nusu saa tu.

Nusu saa ikawa mchana mzima, jamani! Naamka, bafuni kuna beseni na gunia. Pipa tupu limelala ubavu.

Nikapiga ukunga. Mjukuu wangu akatokea barazani anacheka kwa meno yote. "Usihangaike, Bibi, nimekumalizia kazi." Akafungua friji moja kubwa la mteja. Ametoa rafu zote, na mbege yangu imekaa mle kwenye ndoo mbili, inatoka moshi wa baridi. "Nyuzi nne," anasema. "Hilo joto halitaipata tena."

"Toa!"

"Bibi, hili friji nimelitengeneza mwenyewe, ni zuri kuliko hata jipya."

"Toa mbege yangu humo! Ile ni soda?"

Nikaweka sikio kwenye ndoo. Kimya. Juu hakuna hata povu moja. Nikagusa, baridi kama mkono wa maiti.

"Umeilaza," nikamwambia.

"Si ulisema haitaki joto?"

"Nilisema haitaki joto la Pasua! Sikusema haitaki joto!"

Akakaa kwenye ngazi akashika kichwa. Nikamwangalia, limtu lizima, suti ya kesho imening'inia nyuma yake, nikajua naye anaona lile pipa linarudi barabarani. Hasira ikanishika na huruma ikanishika, zote kwa wakati mmoja, sikujua nianze na ipi. Nikaanza na hasira. Ndoo zikatolewa, zikakaa nje ya friji usiku kucha, na bado kimya.

Jumamosi alfajiri tukairudisha kwenye pipa, tukapakia kwenye pikapu. Lile jua nililolitukana wiki nzima sasa nalibembeleza. Tulipofika Bomang'ombe dereva akasimama kuongeza upepo kwenye tairi, akaegesha kivulini, mwenyewe anajiona mstaarabu.

"Weka juani!" nikapiga kelele kutoka mbele.

"Bibi, vinywaji vinawekwa kivulini."

"Hiki siyo kinywaji, ni mgonjwa! Weka juani!"

Mjukuu wangu alikuwa nyuma na suti yake, amelikumbatia pipa kwa blanketi, jasho linamchuruzika, watu wa kituo wanamuuliza kama ndani kuna maiti. Nikateremka, nikaweka sikio. Nikasikia inatafuna mara mbili, tatu. Ndogo sana. Halafu tukaanza kupanda mlima na ile hewa ya kwetu ikaanza kuingia dirishani, baridi, tamu, ambayo siku zote naipenda. Siku hiyo niliichukia.

Tukapokelewa vizuri. Shikamoo nyingi, viti vikapangwa barazani. Yule mzee akatoka na fimbo na koti lake la sufu. Nikapewa kata nionje kwanza. Nikanywa. Changa! Tamu kama uji wa mtoto, ukali hakuna. Nikatabasamu kama mtu aliyekunywa mbege nzuri, na moyoni natafuta tu njia ya kutokea.

Mzee akachota. Akanywa kidogo. Akaizungusha mdomoni. Mjukuu wangu nikasikia kiti chake kinalia.

"Mama," mzee akasema, "umepikia wapi hii?"

"Pasua."

"Kwenye joto lile?"

"Kwenye joto lile."

Akaonja tena. "Nimeletewa mbege nyingi kutoka huko chini. Zote zinafika zimekufa. Hii ndiyo ya kwanza inafika haijazaliwa."

Baraza zima likacheka. Mimi nikataka ardhi inimeze, lakini mdomo wangu ukawahi. "Kama haijazaliwa, mzee, huwezi kusema ni mbaya."

Akanikazia macho. Namjua, alikuwa hivyo hivyo tukigombania mbuzi. "Sisemi mbaya. Na sisemi nzuri. Ipelekeni jikoni ikae karibu na moto. Itakapoiva tutaongea. Hakuna anayeondoka."

Na kweli hakuna aliyeondoka. Saa tano mpaka saa kumi! Tukala machalari ya ndizi na nyama, tukaongea habari za bei ya kahawa, za marehemu, za mvua. Kila baada ya muda mzee anainuka na fimbo yake, anaingia jikoni, anaweka sikio kwenye pipa. Na mimi nakwenda. Tukawa tunapishana mlangoni wazee wawili, sikio moja moja. "Vipi?" "Inaanza." "Bado." Mjukuu wangu hakula kitu.

Saa kumi mzee alikaa huko jikoni muda mrefu. Akatoka na kata imejaa, povu juu. Akanywa yote, wima, hakuishusha. Akafuta midomo, akamgeukia mjukuu wangu. "Wewe kijana. Haya, sema ulichokuja kusema."

Siku ile nililia na kucheka na kugomba, vyote. Jioni tunarudi kwenye gari bado nikawa nagomba, kwamba angeniua, kwamba friji, kwamba bafu. Mjukuu wangu akanishika mkono, akaniambia:

"Bibi, ya harusi utapikia kwako Masama. Nitakurudisha huku mwezi mzima kabla, kuni nitapasua mimi, maji nitachota mimi, na pipa sitaligusa mpaka wewe mwenyewe uniambie beba."