Habari Niliyochelewa Kumpa Bibi

Mwaka ule mvua iliikataa Dodoma, nami nikawa nalisha watu kwa pasi ya mkaa. Nilikuwa mfuaji katika nyumba ya Mjerumani mmoja wa reli, nyumba ya mawe yenye paa la bati lililolia kwa joto mchana kutwa. Mume wangu alikuwa amekwenda kutandika vyuma magharibi, mbali kupita Zuzu, na habari zake hazikuwa zikija. Mama na wadogo zangu walikuwa Miyuji, na uwele waliokula ulitoka katika posho yangu. Kwa hiyo nilipojua nina mimba, sikumfikiria mtoto kwanza. Nilifikiria kihenge cha nafaka cha mama, na sauti kinayotoa kikiwa kitupu ukikigonga kwa kiganja.

Nani angemweka mfuaji mwenye tumbo? Aliyekuwapo kabla yangu aliondolewa siku ile ile aliyosema. Mama naye alinishika mkono akanikataza kumwambia mtu. Kwetu mimba haitangazwi, huachwa ijitokeze yenyewe. Isitoshe, moja ilikwisha kunitoka, na hii sikutaka kuitamka mpaka ishike.

Lakini bibi wa nyumba alikuwa mjamzito pia, na yeye alimwambia kila mtu, hata mchota maji. Jioni alikaa barazani akishona vishati vyeupe, kisha akanipa nivipige pasi. Siku moja alikiinua kimoja kwenye mwanga, akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba mimi ndiye nitakayemlea mtoto wake. Nikaitikia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka nimwambie, ila nilisikia harufu ya kitambaa kikianza kuungua. Nikainua pasi, na neno likapita.

Mpishi, mzee wa Kiislamu wa mjini, alikuwa ameona zamani. Nilipomwamkia asubuhi iliyofuata, alinitazama vidole vyenye udongo.

"Marahaba. Binti, kichuguu cha nyuma ya jiko umekimega mpaka mchwa wamehama."

"Nina njaa tu, mzee."

"Njaa hiyo itakuja kuniita babu." Akachochea moto, kisha akapunguza sauti. "Mwambie bibi leo, wakati naye anacheka."

Nikamwambia nitasema mwezi ukiandama.

Mwezi haujaandama, mimba ya bibi ikatoka. Bwana alizunguka uani bila kofia, juani, kama mtu aliyesahau alichotoka kutafuta. Shuka nilizifua mimi, kwa maji haba ya kiangazi. Nilipiga magoti, tumbo langu likagusa ukingo wa karai, nikalionea haya kwa kuwa zima.

Baada ya hapo sikuona tena siku ya kusema. Nilifunga kaniki juu zaidi, nikabeba matenga ya nguo mbele yangu hata yalipokuwa matupu. Bibi hakutoka tena barazani. Upepo ulipuliza vumbi jekundu chini ya milango, ukalitandaza juu ya kiti chake, nami nikalifuta kila asubuhi na kulikuta tena. Mpishi aliacha kunitania, na hilo lilinitisha kuliko maneno yake.

Kisha bibi akaniita nitie vile vishati sandukuni. Nilipochutama, kaniki ilinikaza. Alikuwa ananielekeza namna ya kuvikunja, akakatiza.

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wako, bibi."

Aligeukia dirisha. Nje hapakuwa na kitu ila miiba na anga nyeupe.

"Ungeniambia wakati ule," akasema, "tungeshona pamoja. Sasa siwezi kukutazama kila siku. Nenda kwenu."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata cha kumchukia njiani. Nilimaliza kukunja, nikafunga sanduku, maana ndiyo kazi niliyoitiwa. Jikoni mpishi alinifungia unga katika kitambaa, akanisindikiza hadi mwisho wa ua.

Nikashika njia ya Miyuji. Ardhi ilikuwa imepasuka, na mtoto alicheza tumboni kwa nguvu, kama hajasikia. Nilimwona mama kutoka mbali, amekaa kwenye kivuli cha nyumba na chungu kidogo cha mlenda mbele yake. Nikapunguza mwendo. Nilikuwa na neno jingine la kusema, na sikujua nilitamke kabla hajala au akishakula.