Kamanda wa Mitambo

"Kile kiwanda cha samaki nitakigeuza majivu, na mlinzi asipotaka kutoka, shauri yake."

Machibya aliyasema hayo mwaka 1996 kijiweni Buzuruga, mchana kweupe, mbele ya watu waliojua kwamba hata jiko la mkaa humshinda kuwasha. Walicheka. Dada yake, Odeta, alipoletewa habari hakucheka. Mdogo wake alishaanza kufuatana na Wenye Ziwa, kikundi cha Mutayoba, mwalimu aliyeacha chaki akabaki na mdomo, na walishapanga kukichoma kiwanda Jumamosi ya wiki iliyofuata, jioni.

"Wamekulisha nini?" alimuuliza.

"Wamenifungua macho, dada. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunaachiwa mapanki, vichwa na mifupa."

"Mapanki nakaanga mimi kila siku, na sijachoma kitu."

Udadisi ukamzidi. Jumapili akajitanda kitenge, akaenda kuyasikia hayo maneno yanayomgeuza mtu. Mutayoba alihubiri juu ya ubeberu na ubinafsishaji mpaka nzi wakahama. Vijana walisinzia, Machibya alikoroma kabisa. Odeta akaona kajisumbua bure. Ndipo mwalimu akaita, "Kamanda wa Mitambo!" na Machibya akasimama wima, akachomeka shati kama bwana harusi. Tangu kiwanda cha nguo kimpunguze kazini, alikokuwa akirekebisha mashine, nyumbani jina lake lilikuwa "wewe". Asubuhi ile ile Odeta alimwambia: wewe, ndoo haina maji.

Lakini pembeni alikaa Elias, karani wa bandarini, ana mshahara, mke na baiskeli mpya. Huyo hakusinzia hata kidogo. Odeta alimtazama, asimwelewe.

Jumamosi mashine ya kusaga ya Mzee Mhoja ilikuwa bado mbovu tangu juzi yake. Odeta akamfuata.

"Shikamoo mzee. Njoo umwite Machibya mwenyewe, usitume mtu. Na umwite fundi, watu wasikie."

"Marahaba. Asipokubali?"

"Basi leo nimempoteza."

Mzee akaja mpaka mlangoni, kofia mkononi. "Fundi Machibya, akina mama wamenipangia madebe hadi barabarani. Wananitukana mpaka ukoo."

"Leo nina kazi ya taifa, mzee."

"Haya. Nani mwingine anaijua ile mashine?"

Machibya akalitazama jua. Akafikiri muda mrefu kuliko alivyowahi kumfikiria Mutayoba. "Huyo mwingine ataiua," alisema, akachukua spana.

Jioni ile Elias alikwenda kiwandani na wenzake. Banda la mlinzi likateketea, na mlinzi akaungua mikono yote miwili. Elias akakamatwa akiwa bado ananuka petroli.

Kesho yake Odeta akaenda kwa mke wa Elias. Alitaka kujua mtu mwenye kazi alitafuta nini kule.

"Mimi nilidhani wewe ndiye utakayeniambia," mke akasema.

Odeta akarudi kwa njia ya mashineni. Mashine iliunguruma vizuri, na Machibya alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Mama mmoja akamwuliza, "Fundi, debe bei gani?" Debe lilisagwa kwa shilingi mia mbili.