Regina Igoki, Aliyeandika "Mimi Nilisema"

Regina Igoki alizaliwa karibu na Karurumo, katika nchi ya Waembu. Kitambulisho chake kinataja mwaka 1928, cheti cha ubatizo 1931. Tumefuata cheti, kwa kuwa aliyekiandika alimwona akiwa mtoto mchanga, ilhali karani wa vitambulisho alimkisia umri kwa kumtazama uso. Mwaka 1950 aliolewa karibu na Ishiara, kwenye nchi kavu ya Wambeere, akalima mtama na kufuga mbuzi. Alizaa watoto wanne. Kusoma hakusoma mpaka mwaka 1980, alipojiunga na darasa la watu wazima, lile tuliloliita ngumbaru. Huko alijifunza kuandika Kiswahili.

Wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti. Katika Kwaresima ya mwaka 1993, Padri Elphas Mithika, Mmeru aliyehudumia kigango chao, aliwaomba akina mama waandike maisha yao kama sala: ukurasa mmoja kila juma, usomwe polepole mbele za Mungu, na anayetaka shauri amletee padri. Wengi waliacha kabla ya Pasaka. Igoki aliandika zaidi ya alivyoombwa, akafika daftari la tatu. Ameandika juu ya mvua, magonjwa na mavuno bila kujisifu. Lakini kuhusu Agosti 1961 aliandika hivi: "Mtoto wangu Mwaniki alikufa, ikasemekana Muthoni amemroga."

Padri alipiga mstari chini ya neno moja. "Mama, ikasemekana na nani?"

"Na watu, Fatha."

"Watu wana majina. Wa kwanza kusema aliitwa nani?"

Igoki alifunga daftari akaenda nyumbani. Hakuandika neno kwa miezi saba.

Mambo yenyewe, kadiri tulivyoweza kuyathibitisha, ni haya. Surua iliua watoto watatu kijijini juma lile, Mwaniki akiwa mmoja wao. Muthoni, jirani yake, alikuwa amembeba Mwaniki siku mbili kabla. Igoki akamtaja mbele ya wazee. Wazee wakamtaka Muthoni ale kiapo cha thenge, yaani ampige beberu kwa fimbo huku akijilaani iwapo anadanganya. Muthoni alikataa kwa ajili ya ubatizo wake. Kukataa kukahesabiwa kuwa ni kukiri, akafukuzwa. Igoki naye alikuwa amebatizwa. Alijua kwa nini jirani yake amekataa, na alinyamaza.

Kiswahili kinamruhusu mtu kusema kikombe kimevunjika bila kumtaja aliyekivunja. Katika miezi ile saba Igoki aliyasoma upya madaftari yake na kuona jinsi alivyoitumia ruhusa hiyo. Mwezi Novemba alikata ile sentensi na kuandika juu yake: "Mimi nilisema. Mwaka haukuisha kabla sijajua kwamba si kweli."

Mwanawe Munene, aliyekuwa mwenyekiti wa kigango, alimsihi. "Mama, choma hilo daftari. Mungu ameshasoma. Unataka Ishiara yote isome?"

"Mungu amesoma, ndiyo. Muthoni bado."

Januari 1994 alikwenda Kanyakine, ambako Muthoni aliishi kwa kuchuma kahawa ya watu. Muthoni alimtambua tangu mlangoni. "Keti mbali kidogo, Mama Munene, nisije nikakuroga." Igoki aliketi alipoonyeshwa, akasoma.

"Rudia hapo," Muthoni alisema. Alirudia mara tatu.

"Umeandika kwa penseli au kwa kalamu?"

"Kwa kalamu."

"Basi kawasomee walionifukuza. Mimi nilikuwa najua."

Aliwasomea Jumapili, tarehe 27 Februari 1994, baada ya Misa. Munene alitoka nje, na wengine wakamfuata. Aliposimama mzee Mbae, mmoja wa wale wa mwaka 1961, waliobaki walidhani naye anaondoka. Alisema tu, "Yule beberu alitoka kwangu," akaketi. Mwezi Agosti ukoo ulimrudishia Muthoni shamba lake. Munene hakuzungumza na mama yake hadi Krismasi ya mwaka 1995.

Igoki alifariki kwa nimonia tarehe 9 Oktoba 1997. Wapo wanaosimulia kwamba mvua ilinyesha kaburi lilipofunikwa. Oktoba ni mwezi wa mvua, kwa hiyo hatuihesabu kuwa ishara. Tabby, mke wa katekista, anashuhudia kwamba yeye mwenyewe homa ilimtoka alipowekewa daftari la Igoki kichwani. Hakuna rekodi ya daktari, nasi tunamwachia ushuhuda wake. Kanisa halijamtangaza Igoki kuwa mtakatifu, na hatutangulii hukumu yake. Lililo hakika ni kwamba mwanamke aliyefukuzwa miaka thelathini na mitatu alirudi akalala nyumbani kwake, na kilichomrudisha ni sentensi yenye maneno mawili.

Akina mama wa kigango kile bado huandika kila Kwaresima. Hawasahihishiwi sarufi. Huulizwa tu, popote palipofichwa mtendaji: nani? Mwamini anayetaka kumwiga Igoki asianze na mema yake, wala na machozi. Atafute katika maisha yake tendo lililoachwa bila mwenyewe, aliandikie jina, kisha ampelekee anayehusika.

Siku ya mazishi Muthoni aliulizwa kama alikuwa amemsamehe. Alitupa udongo wake kwanza, akapangusa mikono.

"Alichelewa," alisema. "Lakini alikuja mwenyewe. Hakutuma mtu."