Mpira Uliopewa Sifa

Saa mbili asubuhi, mjini Wete, Mzee Vuai Khatib ameupakata mpira mkuukuu mbele ya kibanda chake cha kushonea viatu. Anaugeuza taratibu, macho yake yakiwa mbali. Juu ya ngozi yanaelea majina ya vijana walioshinda kombe mwaka 1959, kila mmoja akiwa ameliandika lake kwa mkono wake. Baadhi bado yanasomeka. Mengine yamekuwa kama moshi.

Nassor, mfanyabiashara wa Chake Chake, alikuwa ameahidi kuuchukua mpira huo na badala yake kutoa mabati ya kuezekea nyumba ya klabu ya soka ya hapo Wete, inayovuja. Sharti lake lilikuwa moja: majina yasomeke.

Nahodha wa klabu, Mmanga, akaupeleka kwa fundi ufutwe vumbi. Kwa fahari akatamka, "Mzee Vuai, mpira huu haki yake upewe sifa!"

"Nikaupa," anasema Vuai, bila kucheka. "Sifa niijuayo mie imo chupani."

Ni yale mafuta ya papa yaitwayo sifa, yapakwayo vyombo vya baharini, ambayo yeye hulainishia ngozi kavu. Mafuta yakazama, wino ukaamka, ukatembea.

Mmanga alishika kichwa. "Mzee wangu! Nilitaka sifa za mdomo, si za papa!"

"Ungelisema za mdomo, mwanangu."

Mmanga akashauri majina yakolezwe upya, kisha yapakwe vanishi yang'are. Vuai akakataa katakata. "Jina la mtu haliandikwi na mwengine. Na vanishi itafungia harufu na uongo pamoja."

"Basi tutakosa mabati!"

"Tukose."

Nassor alipofika, aliunusa mpira kabla ya salamu. "Huu mpira au samaki ng'onda?"

Vuai akamsimulia yote, asifiche lolote. Nassor akayasoma kwa sauti majina yaliyosalia, kama aitaye watu waliolala. Kisha akasema kwamba mpira atauchukua vivyo hivyo, usiguswe tena, ila mabati yatakuwa nusu.

Leo utafungwa karatasi uende Chake Chake. Nusu ya pili ya paa Vuai ataiezeka makuti, ambayo ameshaanza kuyasuka mwenyewe.

"Mvua ikinyesha, upande mmoja utapiga ngoma na wa pili utanyamaza," anasema, akiutazama mpira kwa mara ya mwisho. "Vijana wakae kwenye ngoma. Mie nitakaa kwenye kimya, nisikilize."