Mluzi wa Afande

Mluzi wa Afande ulikuwa na upepo ndani yake. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa ncha, kama walivyochongwa vijana wengi wa rika lake huku Ukambani, na kila alipotia vidole viwili mdomoni hewa ilipenya kati ya zile ncha ikafoka kidogo mwishoni, kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Hakuna mtu mwingine aliyepiga mluzi wa namna hiyo. Ungeutambua hata ukiwa umezungukwa na uwanja mzima wa watu wanaopiga kelele.

Alikuwa kocha wetu. Aliwahi kuwa sajini jeshini, na kabla ya hapo alichunga ng'ombe wa baba yake kwenye miteremko ya Nunguni. Kazi hizo mbili alizichanganya akapata ya tatu. Timu ilikuwa ya kampuni iliyokuwa ikijenga barabara, na kambi yetu ilikuwa nje kidogo ya Kwa Vonza. Kwenye karatasi mimi nilikuwa mshika bendera, yule kijana anayesimama vumbini na kitambaa chekundu kuzuia malori. Ukweli ni kwamba niliajiriwa kwa sababu ya mguu wangu wa kushoto. Nilikuwa winga. Bendera niliishika siku zisizo na mazoezi, na siku hizo zilikuwa haba.

Makocha wengine hupayuka mpaka sauti ikakauka. Afande hakupayuka. Alisimama kando ya uwanja, mikono nyuma, kifua mbele, na akitaka jambo alitia vidole mdomoni akapiga milio ya machungani. Mlio mrefu wa kuita ng'ombe kwenye maji ulimaanisha turudi nyuma wote. Milio miwili mifupi, ile ya kutoa ng'ombe zizini asubuhi, ilikuwa ya mabeki. Waliposikia walipanda mbele kwa pamoja, mshambuliaji wa wapinzani akabaki nyuma yao ameotea, na refa akapuliza filimbi. Karibu sote tulikuwa tumechunga tulipokuwa wadogo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Miguu ilikwenda kabla kichwa hakijaamua. Huo ndio uliokuwa ujanja wake, na hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yetu. Tulipoingia uwanjani ugenini, mashabiki walilia kama ndama.

Alfajiri alitukimbiza kwenye mchanga wa mto mkavu. Wanawake walikuwa wamechimba visima mle mchangani, wakichota maji kwa vibuyu na kujaza mitungi, nasi tulipita karibu nao ndimi zimekauka kama ngozi ya ngoma. Kunywa kulikatazwa mpaka apige ule mlio mrefu.

"Wewe mwanaume, wape watoto wa watu maji!" mwanamke mmoja alimfokea siku moja.

"Mama, hawa si watoto," Afande akajibu bila kugeuka. "Watoto wako huko kwako."

Tulicheka, maana alitaka tucheke. Mimi nilicheka pia. Lakini chuki yangu kwa mluzi ule ilizaliwa pale mchangani, na ilikua haraka kuliko mimi.

Kisha zikaja habari kwamba watu wawili kutoka timu kubwa ya Nairobi watakuja kututazama Jumamosi. Injinia wa kampuni aliniita kando, akanishika bega. "Wanakuja kwa ajili yako," akasema. "Usiniangushe." Niliwaza Nairobi kama mtu anavyowaza mvua mwezi wa tisa. Nilimtumia mama salamu kijijini kwetu Tulia, nikamwomba aje. Hakuwa ameona mpira ukichezwa maisha yake yote.

Ijumaa jioni, mazoezini, nilikuwa na mpira mguuni, njia nyeupe mbele yangu, nikasikia mlio mrefu. Rudi nyuma. Sikurudi. Nilimpita beki, nikampita kipa, nikafunga. Wenzangu walinishangilia kwa sauti ya chini. Afande alinitazama tu, kisha akaenda zake.

Jumamosi mama alifika amevaa sare ya akina mama wa kanisani, kitambaa cheupe kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya vumbi. Alivivaa alipofika uwanjani. Wageni wa Nairobi walikalia viti vilivyotolewa ofisini. Afande akasoma majina ya watakaocheza. Langu halikuwamo.

"Afande, mimi je?"

"Wewe jana hukusikia mluzi."

"Nilisikia, Afande. Lakini goli lilikuwa wazi."

"Sawa. Ng'ombe asiyefuata mluzi si ng'ombe. Huyo amekuwa mchunga." Aliinama nyuma ya benchi akatoa fimbo. "Basi kachunge."

Nimeikumbuka fimbo ile mara nyingi. Ilikuwa imemenywa gome, imenyooshwa motoni, imelainishwa ncha. Hakuivunja kwenye kichaka kwa hasira. Alikuwa ameitengeneza.

Nilitembea kando ya mstari na fimbo ile mchezo wote. Ningeweza kuitupa nikaenda zangu, lakini mshahara wangu ndio uliokuwa ukimlisha mama, na mama alikuwa pale. Watu walikufa kwa kicheko. "Mchunga! Mmoja amepotea kule kona!" "Wapeleke mtoni, wana kiu!" Nilimwona mgeni mmoja wa Nairobi akimwuliza injinia jambo, na injinia akainua mabega na kumwonyesha Afande kwa kidevu. Waliondoka kabla mchezo haujaisha. Gari lao lilipita karibu nami, na yule aliyekaa dirishani alinitazama kama mtu anavyomtazama mchunga.

Mama alinifuata.

"Fimbo hiyo ni ya nini?"

"Ni ya mchezo, mwaitu."

"Na wale wageni?"

"Wameenda."

Mama aliinama. Akavua viatu vyake, akavishika mkononi. "Msamehe huyo mzee," akasema. Sikuwa nimemwambia lolote.

Sikumsamehe. Kesho yake niliacha jezi na bendera juu ya kitanda, nikaenda Kitui mjini. Kule kulikuwa na timu ya wenye maduka na madereva, na mlezi wake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mzee Mwislamu ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki. Nilimkuta kwenye boma lake akikagua kwato.

"Warya, kijana, wewe ndiye yule wa fimbo?" Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Ndiye mimi, mzee."

"Hapa fimbo ni ya ngamia. Unataka nini?"

"Nataka siku mtakayocheza na kampuni, nicheze."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Alinipima kwa macho kama anavyopima fahali. "Mtu mwenye hasira hukimbia vizuri. Lakini usinivunjie mtu mguu."

Mguu wa mtu haukuwa akilini mwangu. Kila jioni, baada ya kazi ya kunywesha wanyama, nilikaa ukutani mwa boma nikatia vidole mdomoni. Milio miwili mifupi niliijua tangu utotoni. Kilichonitesa ni ule upepo wa mwishoni. Meno yangu ni mazima, hayana ncha. Nilijaribu kukunja ulimi, nikajaribu kuusukuma shavuni, midomo ikapasuka. Kisha jioni moja hewa ikafoka kama inavyopaswa kufoka, na ng'ombe walionunuliwa siku hiyo kutoka Kwa Vonza wakainuka, wakaelekea langoni. Ngamia hawakujali.

"Umewafanya nini ng'ombe wangu?" mzee akauliza.

"Nimewasalimia."

Siku ya mchezo ilifika wakati wa kiangazi, uwanja umekauka, vumbi likisimama hewani. Kampuni walikuja na lori lao. Beki wao wa kati alikuwa rafiki yangu, tulilala chumba kimoja kambini, na alinikumbatia kwa siri nyuma ya lori. "Jihadhari," akaninong'oneza. "Afande ametuambia tukufunge kamba." Nikamwambia asante. Afande mwenyewe alinipita kama mtu anayepita mti.

Tulicheza mpaka karibu na mwisho bila mtu kufunga. Mara tatu mabeki wao walipanda kwa mluzi wake, na mara tatu nilikamatwa nimeotea. Watu wetu walinizomea. Niliacha wanizomee. Kiungo wetu, dereva mmoja mwenye miguu mizito na macho mepesi, nilikuwa nimemwambia asubuhi: ukisikia mluzi na mimi niko nyuma, tia mpira nyuma yao, usiulize.

Akaupata mpira katikati ya uwanja. Mimi nilikuwa upande wetu wa uwanja, ambako mtu haotei, nimempa refa mgongo, kama mtu anayepangusa jasho. Nikatia vidole mdomoni.

Milio miwili mifupi, na upepo.

Mabeki wanne walitoka kama zizi limefunguliwa. Nilipishana nao, wao wakija, mimi nikienda, na mpira ukipita juu yetu sote. Niliuona uso wa rafiki yangu. Tayari alikuwa anageuka, tayari alikuwa amechelewa. Mbele yangu alibaki kipa peke yake. Nilimpita, nikafika kwenye mstari wa goli, nikaukanyaga mpira, nikasimama. Nilitaka Afande aone. Nilisubiri mpaka macho yetu yakakutana. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, kama kawaida yake. Ndipo nikausukuma mpira ndani kwa kisigino.

Alijua. Nilimwona akijua.

Refa alipomaliza mchezo, sikwenda kubebwa na wenzangu. Nilivua viatu vya mpira nikasogea karibu na benchi la kampuni, maana pale ndipo palipokuwa na chakula cha kisasi changu. Injinia alikuwa amewasimamia mabeki kwa ghadhabu.

"Nani aliwaambia mtoke?"

"Afande alipiga, bosi!" rafiki yangu akasema. "Tumesikia sote!"

"Sote, bosi! Ule ule wake!"

Nilisubiri. Sasa lazima aseme si yeye. Lazima anyooshe kidole na kukiri mbele ya injinia, mbele ya timu, mbele ya mji mzima, kwamba yule kijana aliyempa fimbo amewachunga ng'ombe wake mbele ya macho yake. Nilikaa tayari kulisikia neno hilo kama mtu anayekinga maji kwa viganja.

Afande aliweka visigino pamoja. "Ni mimi," akasema. "Nilipiga. Nilikosea."

Alifukuzwa kazi palepale, jezi za vijana hazijakauka jasho. Alipanda lori na wengine kwenda kuchukua vitu vyake, na hakunitazama.

Mzee wetu alichinja mbuzi. Nyama ilinishinda.

"Kula, warya. Mbona uso huo?"

"Ameniibia."

"Amekuibia nini? Si amefukuzwa!"

"Amesema ni yeye."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi huyo mwanaume!" Kicheko hicho nacho nilikiweka moyoni, karibu na fimbo.

Mtu wa kanisa la mama aliniambia baadaye kwamba Afande amerudi kwao Nunguni, analima na kuuza mboga sokoni. Niliacha mvua ziishe, nikaenda. Nunguni ilikuwa na ukungu na baridi ya kutafuna masikio. Nilimkuta nyuma ya fungu la kabichi, koti lake la jeshi limefungwa mpaka shingoni, wanawake wakichagua mboga mbele yake.

"Afande."

"Karibu. Nimezikata leo asubuhi."

"Unanijua."

"Nakujua."

"Mluzi ule ulikuwa wangu."

"Mluzi ule ni wangu," akasema kwa utulivu. "Wewe uliupiga tu. Wale wengine niliwafundisha wasikie, wakisikia wanasahau. Wewe ulilala nao, ukaamka nao. Sijapata mchezaji aliyenishika kama wewe."

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea. Likabaki swali moja.

"Siku ile ya wageni. Ungeniadhibu siku nyingine yoyote. Kwa nini ile?"

Aligeuza kabichi, akabandua jani lililooza, akalitupa.

"Wangekuchukua," akasema.

"Nini?"

"Wale wa Nairobi. Wangekuchukua. Kushoto ningemweka nani?"

Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya viazi. Kumbe mluzi niliouasi Ijumaa haukuwa sababu. Hata ningerudi nyuma mbio, hata ningepiga magoti, fimbo ilikuwa inachongwa tu. Kule kote kukaza, mchanga, kiu, ile mikono ya nyuma ya mgongo, vyote niliviita nidhamu hata nilipovichukia. Ulikuwa wizi wa mtu aliyeogopa kubaki bila winga.

"Rudia," nikamwambia. "Rudia kwa sauti, wasikie hawa."

Akachukua kabichi nyingine. Mwanamke mmoja, mwenye sare ya kanisani kama ya mama yangu, akainua uso. "Mzee, huyu kijana anasema nini?"

"Anauliza bei," Afande akajibu.

Basi nikawaambia mimi. Niliwaambia kwa Kikamba, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, ili pasipotee neno. Niliwaambia habari za wageni na fimbo iliyomenywa gome, za mama aliyetembea na viatu mkononi kutoka Tulia kuja kuona mwanawe akichekwa, na nikawaambia alichokisema sasa hivi juu ya kabichi zake. Watu waliacha kununua, wakasogea. Afande alisimama wima, mikono nyuma, akaniacha nimalize. Hakukanusha.

Yule mwanamke wa kanisani alitazama kabichi aliyokuwa ameikumbatia, akamtazama Afande, akairudisha polepole juu ya fungu. Sikuondoka. Nilisimama palepale kwenye ukungu mpaka mwanamke wa pili naye akairudisha kabichi yake.